Machozi ya Bi Shahbanu

Daulat ni mtu mwema akiwa amelala. Akiwa macho, Mungu atusitiri. Muharramu ya mwaka tisini na nne ilianguka mwezi wa Juni, na siku hizo hizo akapita duka la kanda za video kule Agincourt, huku huku ughaibuni tunakoishi, akakodi picha ya kale ya Bombay. Humo ndani akamwona Bi Shahbanu, bado mbichi kabisa, akilia kando ya kitanda cha mtoto. Kufikia Ijumaa kina mama wote wa majlisi zetu za maombolezo walikuwa na habari.

Bi Shahbanu ni mzaliwa wa Tanga. Aliolewa Bombay, na huko akaigiza filamu kwa miaka kadhaa. Hakuwa yule binti mzuri anayeimba bustanini. Yeye alikuwa yaya, jirani mwenye kijicho, mjane, na zaidi ya yote mama wa kulia. Jina lake liliandikwa mwishomwisho, mara nyingine halikuandikwa kabisa. Waliporudi Tanga, kabla ya kuhamia huku, mumewe alimwambia mambo yale yameishia kule, naye akanyamaza. Binti yake Sabika alijua kidogo tu, na hicho kidogo alikificha.

Sasa, kwenye majlisi zetu kulia ni ibada. Msomaji akifika kwenye msiba wa Karbala, alipouawa mjukuu wa Mtume, ukumbi mzima hulia, na Bi Shahbanu ndiye aliyekuwa akitufungulia mlango. Yeye akianza, hata sisi wenye macho makavu tulilowa. Watu walikuwa wakigombea kukaa karibu naye.

Ijumaa ile mchana alianza kama kawaida, na hakuna aliyemfuata. Wanawake walikuwa wanamtazama yeye badala ya kumsikiliza msomaji. Daulat akainama na kunong'ona, mnong'ono wake ule unaosikika safu nzima.

"Mashallah, kazi bado hajaisahau."

Mtu akacheka. Kucheka, kwenye majlisi! Sabika alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndani ya gari, njiani kurudi nyumbani Unionville, alisema bila kumtazama mama yake.

"Mama, please. Kesho usilie."

"Nisilie?"

"Kaa tu, jifunike uso. Watu wanasema unaigiza. Hata mimi sijui tena kama huigizi."

Hilo la mwisho hakupaswa kulisema, na alilijua kabla halijamtoka lote. Lakini ulimi hauna mfupa. Bi Shahbanu alisema, "Haya, mwanangu," akafungua mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakukipata.

Jumamosi alikaa amejifunika mtandio, kimya mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemtazama. Sabika alishukuru, kisha akaona aibu kwa kushukuru kwake.

Jumapili asubuhi akaenda mwenyewe kuikodi ile kanda, ajue hasa anaaibishwa na nini. Akaiweka sebuleni. Yule mwanamke kijana hakupiga kelele wala kujipiga kifua. Alikuwa anakunja nguo ndogo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena, na machozi yanateremka kana kwamba hana habari nayo.

"Zima," alisema Bi Shahbanu. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya maembe aliyoyamenya.

Sabika akazima.

"Wiki ile nilikuwa nimezika."

"Ulimzika nani, Mama?"

"Kaka yako. Alikuwa bado mchanga. Bibi yako mzaa baba alisema mtoto mchanga haliliwi, nikakatazwa kulia nyumbani. Nikaenda kazini, na kule wakaniambia, lia. Basi nikalia. Wakaona naijua kazi, wakawa wananiita kila penye mama wa kulia. Nilipata mahali pengine pa kulia siku nilipoanza tena kwenda majlisi."

Sabika alipiga magoti, akaikumbatia miguu ya mama yake. Alijiona mdogo, mdogo kuliko Daulat.

"Nisamehe. Leo twende, ulie. Nitakaa ubavuni pako, na Daulat aseme atakalo."

Bi Shahbanu akaiweka sahani juu ya televisheni, akamshika kichwa.

"Jana nilijaribu, chini ya mtandio," alisema. "Usidhani nilijizuia kwa ajili yako. Nilijaribu, mwanangu, machozi hayakuja. Msomaji anasoma, na mimi nawaza tu uso wangu unaonekanaje."