Mtihani wa Kitambaa

Watu wanasema nina roho mbaya. Wanalisema kwa sauti ya chini, wakidhani miaka thelathini na minne ndani ya kumbi zenye mwangwi imeniacha bila masikio. Basi niwapunguzie kazi: ni kweli. Na habari ya mtoto wa kaka yangu nitaisema mwenyewe, maana wanaoisimulia mitaani wanaikosea.

Nilikuwa mtunza sanamu mkuu wa makumbusho. Si mfuta vumbi, tafadhali. Sanamu mia mbili na kumi zilikuwa mikononi mwangu, kuanzia mawe yaliyochongwa kwa kupondwa na mawe mengine na watu wasiojua chuma ni nini, mpaka mabati ya kuchomelea yaliyoletwa juzi juzi. Nilipobakiza mwaka mmoja kustaafu, Mkurugenzi akanitaka niwafundishe wanafunzi wawili, na mmoja wao atakayefaulu mtihani arithi nafasi yangu. Wa kwanza alimleta yeye mwenyewe, kijana aliyetoka chuoni, ambaye hamalizi sentensi tatu bila kutaja cheti chake. Nikampa jina la Bwana Cheti. Wa pili alijileta.

Alinikuta uani nikiosha brashi. Alikuwa bado na sare ya kiwanda cha mashati, nyuzi zimemganda begani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umefuata nini? Huku hatuna vifungo."

Miaka sita alikuwa akishona vifungo, shati baada ya shati, kuanzia king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni. Akaniambia kiwanda kimempa likizo isiyo na mshahara, miezi minane tu, na asipopata nafasi yangu itabidi arudi kwenye kiti kilekile. "Shangazi, nikirudi pale nitakuwa nimekufa, ila sijazikwa," akasema. Hakulia. Angelia ningemfukuza. Baba yake, kaka yangu, alikuwa fundi wa mawe ya makaburi, na alipofariki hakumwachia mtoto kitu zaidi ya rundo la mawe aliyoyaanza asiyamalize, yamejaa nyuma ya nyumba yao.

"Haya," nikamwambia. "Lakini usije ukasema shangazi yako alikudekeza."

Siku ya kwanza niliwasimamisha katikati ya ukumbi mkubwa nikawauliza wanaona nini. Bwana Cheti akatoa mhadhara. Binti akaonyesha kidole sanamu ya mwanamke wa marumaru, laini kama sabuni iliyotumika, akasema, "Hii nzuri."

Nilimchapa rula ya mkononi, tena mbele ya mwenzake. "Nzuri ni neno la dukani! Unanunua? Niambie nani kaichonga, kwa chombo gani, alikuwa amesimama wapi, na nini kilimshinda. Nzuri kawaambie wauza viatu."

Mimi nafundisha kwa kitambaa. Namfunga mwanafunzi macho kwa kitambaa cheusi, namwachia sanamu, asome kwa vidole. Jicho ni nafiki. Linasoma kibandiko kwanza, halafu linajifanya limeona. Kidole hakijui kusoma kibandiko. Jiwe la wale wa kale kabisa lina vishimo vishimo kama uso uliopona ndui. Waliokuja na chuma wameacha mistari ya tindo. Waliofuata wakasugua kwa tupa mpaka jiwe likawa ngozi. Wa siku hizi mashine yao inaacha mikunjo ya mviringo. Na siku zote uanzie mgongoni. Mbele ni kwa wageni. Mchongaji akichoka, akidanganya, akikata tamaa, utamkuta mgongoni.

Bwana Cheti alianzia puani kila siku. Nilimwambia mara ishirini, nikaona nampigia mbuzi gitaa, nikamwacha.

Binti ndiye niliyemtoa jasho. Akikosea enzi, namrudisha mlangoni aanze upya. Akipatia, namuuliza hilo alilopatia amelipata kwa akili au kwa bahati. Siku moja tulifika kwenye lile bati kubwa la kuchomelea, ukumbi wa mwisho, akacheka. "Shangazi, mbona hili kama bomba lililopasuka?"

"Simama hapo mpaka liache kuwa bomba."

Alisimama tangu saa tatu asubuhi. Mchana nilipita na chai yangu, sikumpa. Saa kumi akaniita. "Aliyelitengeneza alichomelea akiwa ndani," akasema. "Alijifungia humo. Halafu akatoka kwa hili tundu, akaliziba, akaghairi, akalifungua tena. Angalia kingo zake, zimeungua mara mbili." Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, "Maskini. Alitaka abaki humo, akashindwa."

Nikamjibu kwamba hiyo ni hadithi, si uchunguzi. Walipoondoka nikaingiza kichwa changu kwenye lile tundu. Miaka tisa nililipita kila siku na sikuwahi kuchungulia. Kingo zilikuwa zimeungua mara mbili, kama alivyosema. Nawaambia ukweli: sikufurahi. Nilimwonea kijicho.

Tangu hapo akawa hakamatiki. Akazipenda hata zile mbaya. Alikuwa akija mbio kuniambia kwamba wale wa zamani walichonga visigino vya sanamu iliyokusudiwa kuegemea ukuta, visigino ambavyo hakuna binadamu angeviona. "Walimchongea nani, Shangazi?" Nikamwambia aache maswali ya kitoto. Nilipoona vidole vyake vinataka mazoezi zaidi ya saa za kazi, nikamwambia, "Si kuna mawe ya baba yako pale kwenu? Jifunge kitambaa kila jioni uyapapase. Lijue kila pigo limeanzia wapi." Akafanya hivyo miezi mitano mfululizo. Mwiba wa kujidunga, wanasema, hauambiwi pole.

Maana kuna jambo alikuwa halijui, na sasa niliseme.

Ukumbi wa kwanza, ndani ya kioo, kulikuwa na Kichwa. Kichwa cha mfalme, pua imevunjika, kimewekewa taa yake peke yake. Watu wanapanga foleni kukiona. Kilipoletwa na dalali mmoja, mimi nilikuwa msaidizi tu. Nilifungwa kitambaa, nikakipapasa, nikasema: miaka elfu mbili, haipungui. Kwa neno hilo nikawa mtu. Nikapandishwa cheo, picha yangu ikatundikwa kwenye korido, wataalamu wakawa wananiandikia barua. Mwaka wa pili kaka yangu alikuja kwangu, akaketi jikoni, akacheka mpaka machozi. Kichwa kile alikichonga yeye. Alikivunja pua kwa nyundo, akakizika kwenye samadi na chokaa miezi kumi na minane, akampa dalali. "Dada," akasema, "nilitaka kuona kama utanijua."

Sikumjua. Kaka yangu wa tumbo moja, niliyekua nikimwona anachonga kila siku ya Mungu, na vidole vyangu havikumjua. Nilimfukuza na sikukanyaga kwake mpaka siku ya kumzika. Na nilinyamaza. Ningesema nini?

Siku ya mtihani walikuja wajumbe wawili wa bodi, wakapewa viti. Utaratibu ni sanamu tano. Mtahiniwa mmoja anangoja nje, mwingine anaingia amefungwa macho. Sanamu anachagua Mkurugenzi, asubuhi ileile, ili mwalimu asimbebe mtu. Nne zilikuwa za kawaida. Kufika ya tano nikaona wabeba mizigo wanaingiza kigari kimefunikwa shuka, Mkurugenzi anatabasamu. "Leo tuna wageni," akasema. "Tumetoa Kichwa kwenye kioo."

 Nikautazama mlango ambao binti alikuwa akingoja nje yake.

Bwana Cheti alipatia tatu. Ya tano akaenda moja kwa moja puani, akagusa ule mvunjiko ambao hata mtoto wa shule anaujua, akakariri kibandiko neno kwa neno. Wajumbe wakampigia makofi.

Akaingizwa binti. Zile nne hakuzipatia tu, alizifunua. Moja alisema ilichongwa na watu wawili, mmoja mwenye haraka. Mjumbe mmoja alisogeza kiti karibu. Mkurugenzi akaninong'oneza, "Mama, huyu umemtoa wapi?" Kwa dakika moja, wallahi, nilijivuna.

Akaletewa ya tano. Akaanzia kisogoni, kama nilivyomfundisha. Vidole vikateremka nyuma ya sikio, vikasimama, vikarudi, vikateremka tena. Nikajiambia, nenda puani, we mtoto, nenda puani ukariri kibandiko upate kazi yako. Hakwenda. Uso wake chini ya kitambaa ulianza kufunguka.

"Hiki ni kipya," akasema. "Kinanizidi mimi umri, lakini si kwa mingi. Mwenyewe alitaka kionekane cha kale. Ni mtu wa mkono wa kushoto. Mapigo yanaanzia kushoto yanashukia kulia, na wa mkono wa kulia hupiga kinyume. Kila baada ya mapigo manne anapumzika." Akacheka, cheko dogo la mtu aliyekutana na ndugu njiani. Akageuka kuelekea upande aliojua nimesimama. "Shangazi! Umeniwekea baba?"

Alidhani ni zawadi. Alidhani miezi minane ya rula na matusi ilikuwa na hili mwishoni, kwamba shangazi yake, kwa siku yake kubwa, amemletea baba yake aje amguse.

 Mkurugenzi alinigeukia, na wajumbe wakanigeukia. "Mama, anasema Kichwa ni cha bandia. Wewe ndiye uliyekithibitisha. Anasema kweli?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Binti angepata kazi, mimi ningepoteza jina na picha ya kwenye korido, tena nimebakiza wiki sita.

"Msiba haujamtoka," nikasema. "Alimzika baba yake miaka mitatu iliyopita, sasa anamwona kila mahali. Mnisamehe. Kosa ni langu kumleta mtu wa hali hii mbele yenu."

Mkurugenzi akashusha pumzi, akacheka, wajumbe wakacheka naye. Binti akafungua kitambaa mwenyewe. Akakiona Kichwa, akaiona pua. Akajua aligusa nini, na kwamba amekiita bandia mbele ya bodi. Tabasamu lilikuwa bado lipo mdomoni mwake. Halikujua liende wapi. Bwana Cheti aliitwa ndani kupongezwa.

Binti alinifuata kwenye chumba cha brashi. Nikadhani amekuja kunitukana, nikajiandaa; matusi nayaweza. Akafunga mlango, akasimama mbele yangu mikono imening'inia.

"Shangazi, kazi basi, potelea mbali. Jumatatu narudi kiwandani. Nataka uniambie kitu kimoja tu, hapa hakuna mtu. Vidole vyangu vilikosea?"

Hakutaka nafasi yangu tena. Hakutaka nikaseme kwa bodi. Alitaka ndiyo moja, ya kunong'ona, aondoke nayo akashone vifungo maisha yake yote akijua kwamba siku ile, katika jengo lile, yeye peke yake ndiye aliyeona. Isingenigharimu hata senti. Tena nilimwamini, angeniapia kunyamaza, angenyamaza mpaka kaburini.

Lakini nilimtazama vidole. Miezi minane tu. Mimi nilikuwa dada wa baba yake, na mkono wake sikuujua.

"Vilikosea," nikasema.

"Na mkono wa kushoto?"

"Ulimtaka baba yako, ukamkuta. Jiwe halina kosa."

"Na kupumzika kila baada ya manne?"

"Hata watu wa kale walichoka, mama. Unadhani walikuwa mashine?"

Akavitazama vidole vyake, vya kulia, kisha vya kushoto, kama mtu anayekagua mboga zilizoanza kuoza. Nikangoja anibishie. Angebisha mara moja tu, nadhani ningevunjika, ningemwambia yote. Hakubisha. Nilikuwa mwalimu wake, na nilimfundisha vizuri mno kuniamini.

"Bora umeniambia," akasema. "Ningeishi najidanganya."  "Shangazi, nimekuaibisha mbele ya wageni wako, na wewe unakaribia kustaafu. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe.