Madirisha ya Upande wa Ziwa

Mwaka wa 1972 Waweru alikodi stoo kuukuu ya pamba karibu na reli mjini Kisumu, akaigeuza karakana ya kushona sare za shule. Cherehani alizipanga zikitazama ukuta, ili mafundi wake wasipige soga. Madirisha ya upande wa ziwa aliyapigilia mbao, kwa kuwa alipokuwa hajamaliza hata kuhamia, wezi walipitia hapo wakambebea marobota ya kitambaa. Pasi za makaa zikakaa mle mle ndani, pembeni.

Nasipwondi alifurahi alipofanywa msimamizi wa mafundi, lakini furaha ikamtokea puani upesi. Kila siku baada ya chakula cha mchana, bati la paa lilipopata moto wa jua, macho ya wanawake yalilegea, vichwa vikawagonga, na mishono ikaenda upogo. Kola zilizoshonwa asubuhi zilinyooka vizuri. Za alasiri zilifumuliwa.

"Hawa wananilalia kazini," Waweru alimwambia, akijiandaa kupeleka sare Bondo. "Na yule Nabwire ndiye mbaya kuliko wote. Kesho nikirudi nisimkute hapa."

Nasipwondi aliitika tu. Lakini moyo haukutaka. Nabwire alikuwa jirani yake mtaani Nyalenda, walichota maji bomba moja, na ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani mara ya kwanza akamfundisha kutunga uzi. Kesho yake asubuhi alimwendea mara mbili amwambie, na mara zote mbili akaishia kumwomba mkasi.

Mchana ule, joto lilipofika kileleni, Nabwire aliinuka kwenda kupiga kola pasi. Alifika penye meza, akaishika kama mtu anayetafuta kitu gizani, kisha akaanguka kifudifudi.

"Amekufa!" Dorca, fundi wa mikono ya mashati, alipiga ukelele.

Walimbeba juujuu hadi barazani. Nasipwondi akamlaza kichwa mapajani, akamwagia maji usoni, akamwita kwa jina lake na la mama yake. Hakuitika. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani, na Dorca alimpepea kwa leso huku akilia. Ndipo Nabwire alipokohoa, akafumbua jicho moja.

"Ile kola," akasema. "Imeungua?"

Wote walicheka na kulia kwa pamoja. Wawili wakamshika mkono wakampeleka zahanati, nako mganga akasema ni joto na moshi wa makaa uliokosa pa kutokea, apumzike, atapona.

Habari hiyo iliporudi, Nasipwondi alikuwa bado amesimama barazani. Hofu ilikuwa imemtoka, na mahali pake pakajaa hasira.

"Hakuna anayerudi ndani," alisema. "Toeni cherehani."

Waweru alipofika na gari lake kutoka Bondo, alikuta karakana yake imehamia barazani, wanawake wanakanyaga cherehani na mishono inateleza.

"Ni nani aliyewaambia mtoke?"

"Ni mimi, Bwana Waweru. Nabwire ameanguka, tumedhani amekufa. Si uvivu. Mle ndani hakuna hewa."

"Mimi nimeshona Murang'a miaka na miaka. Ulinisikia nimeanguka?"

"Basi ingia. Cherehani moja imebaki na pasi bado ni za moto. Tushonee mkono wa shati mmoja tu."

Nasipwondi alisogea kando kumpisha mlangoni. Leo nimejifukuza kazi mwenyewe, aliwaza.

Waweru alivua koti, akampa Dorca, akaingia. Walisikia cherehani ikienda mbio, kwani kweli alikuwa fundi. Halafu ikapunguza mwendo. Halafu ikawa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Mwishowe alitokea mlangoni ameshika fremu, shati limemganda mgongoni, na ule mkono wa shati haukuonekana. Aliketi kwenye ngazi. Dorca akamletea maji, akanywa yote.

"Bilha aliniambia," alisema baadaye, akimtaja mkewe. "Alisema hapa ni tanuri. Mimi nilikuwa nawaza wezi tu."

"Tuweke vyuma madirishani," Nasipwondi alisema. "Mwizi hatapita, upepo utapita."

Waweru aliinamisha kichwa polepole, akakubali.

"Na Nabwire, Bwana? Uliniambia..."

"Najua nilichokuambia." Alitazama chini. "Apone kwanza. Kiti chake asikalie mtu mwingine."

Nasipwondi aliketi juu ya robota la kitambaa bila kujali nani anamwona, akajifuta machozi kwa kipande cha bitana.

Waliaula, fundi wa vyuma, alikuja akang'oa mbao na kutia nondo. Pasi zilijengewa kibanda nje. Cherehani ziligeuzwa zielekee mwanga, viti vikapata migongo, na alasiri kukawa na chai. Hiyo chai Waweru aliinung'unikia sana, mpaka alipoona kwamba hakuna tena anayekaa kufumua kola. Mvua ya ziwani ilipoanza, walifanya kazi ndani na pumzi hazikuwabana.

Nabwire aliporudi, mashavu yamejaa, ugomvi ulizuka mara moja, kwa sababu kila mtu alitaka kukaa dirishani.

"Mimi ndiye niliyeanguka!" Nabwire alidai.

"Na mimi ndiye niliyekupepea!" alijibu Dorca.

"Mama Wanyonyi!" Waweru alimwita Nasipwondi kwa jina la mwanawe. "Waamue hawa watu wako, la sivyo nitayaziba tena!"

Hakuna aliyeshtuka. Nasipwondi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaanza kuwapangia zamu.