Mlinzi Aliyeamka

Mlinzi kwenye runinga alipigwa chupa ya kisogo, akazungusha macho, akaanguka taratibu kama mtu anayejilaza. Wezi wawili wenye suti wakamruka. Mmoja akarudi kumwekea kofia vizuri.

"Rudisha," alisema Mzee Kashindye.

Getruda, binti yake, akabonyeza rimoti. Mlinzi akapigwa tena.

Mashimba alikaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ametoka gerezani wiki tatu zilizopita, baada ya miaka ishirini, na alikuja katika nyumba hii ya mtaa wa Kirumba na maneno ya kuomba msamaha aliyoyapanga miaka yote hiyo. Hakupata pa kuyaanzia. Alipoamkia tu, mzee, ambaye upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza, alimkatisha.

"Marahaba. Mahakamani ulisema ulijifunza kwenye picha. Getruda ameitafuta. Kaa tuione."

Kilikuwa kipindi cha Ulaya, cha zamani kuliko Mashimba mwenyewe. Kanda yake ilifika kibanda cha video cha mtaani ikiwa imechakaa, na vijana wa Kirumba waliiangalia mpaka wakaikariri. Mlinzi hulala dakika tano, kisha huamka akipapasa kichwa, na kibanda kizima hucheka.

Ndiyo maana, alfajiri aliyoingia kuiba kwenye ghala la injini za boti, Mashimba aliizungushia nondo kanga ya mama yake, mara mbili. Hakutaka kuumiza mtu. Alitaka mlinzi alale tu.

Alipompiga kisogoni, mfupa ulilia kama tikiti linalopasuka. Kashindye, mlinzi wa ghala, hakuzungusha macho. Alitapika, akajikojolea, na mguu wake mmoja ukawa unapiga sakafu, unapiga, huku damu ikimtoka puani na masikioni. Mashimba akasimama pale akihesabu dakika. Zilipofika tano akainama. "Mzee, amka." Polisi walimkuta bado anasema hivyo.

"Njoo ukae kwenye kiti changu," Kashindye aliamuru sasa. "Tazama mbele."

Mashimba akakaa. Alisikia mkongojo wa mzee ukigonga sakafu, ukimzunguka, ukisimama nyuma yake. Kisha hakuusikia tena.

"Baba!" Getruda aliita.

"Nyamaza."

Kwenye runinga mlinzi alikuwa anaanza kufumbua macho. Mashimba angeweza kugeuka. Hakugeuka. Ngozi ya kisogo chake ilisisimka, na katika hofu ile maneno yake aliyoyapanga yakamjia yote kwa pamoja, akayasikia yalivyo: nimeteseka, nimejuta, nimebadilika. Yote yalimhusu yeye. Hakuna hata moja lililokuwa na mzee huyu ndani yake.

Mkongojo ulishuka kwa kishindo. Ulipasua ubao wa egemeo la kiti pembeni ya sikio lake. Kipande cha mti kikamchana shavu, damu ikamtiririkia kwenye kola ya shati.

"Umeogopa?"

"Nimeogopa, baba."

"Mimi hukunipa hata nafasi ya kuogopa." Mzee alikuwa anahema kama aliyepanda vilima vyote vya Ilemela kwa miguu, jiwe kwa jiwe. "Nilikuwa nawaza chai."

Mashimba alijifuta damu shavuni. "Nilihesabu dakika tano. Nilijua utaamka."

Getruda alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikusikia," alisema Kashindye. "Ulikuwa unaniita mzee, mzee. Nikataka kuitika. Ulimi ukakataa."

Mashimba akainamisha kichwa, akalia bila kujificha. Hakuna aliyembembeleza. Getruda alimshika baba yake kwapani, akamkalisha kwenye benchi lililokuwa nyuma ya kiti, akaokota kipande cha ubao na kukitupa nje.

Kwenye runinga mlinzi alisimama akipapasa kichwa. Wezi walikuwa wanakimbilia kwenye gari.

"Hawa wanakamatwa?" mzee aliuliza.

"Sijui, baba. Kanda yetu ilikuwa inakatikia hapa."

Mzee akanyoosha shingo kuelekea upande wake uliokuwa mzima.

"Sogea basi," alisema. "Unaniziba."