Kinyonga wa Shimo la Kahawa

Mume wangu Barnaba haogopi kitu. Fahali akikata kamba hapa Iyula, yeye ndiye anayeitwa. Lakini siku tuliyokuwa tunachimba mashimo ya miche ya kahawa, jembe lake lilifukua mayai madogo meupe, mfano wa punje za maharage, na mwanaume akaruka mtaro akaniacha peke yangu. Akiwa huko ng'ambo aliniambia ni mayai ya kinyonga, nifukie haraka tuchimbe mbele.

Mengi jembe lilikuwa limeyapasua. Iliniuma. Nikaokota moja lililokuwa zima, limelowa kama linatoka jasho, na kabla sijaamua nalifanyia nini likapasuka kiganjani mwangu. Akatoka kinyonga kamili, mfupi kuliko njiti ya kiberiti, ana vidole, ana mkia uliojikunja, hajakosa kitu. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili likawa linamtafuta Barnaba. Nilisema moyoni, ndugu zake tumewaua, huyu lazima aishi.

Sasa mimi kazi ninayoijua ni kulea vifaranga, basi nikamlea kama kifaranga. Nilimweka kwenye boksi, jiko la mkaa pembeni apate joto, maji kwenye kifuniko cha soda, na chenga za mahindi. Jamani, chenga! Hadi kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi imekunjamana, rangi imekuwa ya majivu. Nikamletea vijiinzi vinavyozunguka maganda ya ndizi mbivu. Vilimtembelea mpaka usoni, hakuvigusa. Maji ya kifuniko alikaa nayo uso kwa uso kama hayapo.

Mama mkwe wangu, Yunisi, alipogundua nina nini kwenye boksi, hakutaka hata kusogea mlangoni. Alisema kinyonga atatia mkosi kuku na watu, nimtoe kabla jua halijazama. Nilimjibu kwa mdomo ambao mkwe hapaswi kuwa nao. Lakini nyumba ni yake, na shamba ni lake. Nilimbeba kinyonga wangu huku nalia, nikampandisha kwenye mche mmoja kitaluni, chini ya kivuli cha nyasi, na maganda ya ndizi nikayaweka chini yake. Niliamini nimempeleka kufa.

Asubuhi nilimkuta bado ameng'ang'ania tawi, amefumba macho. Mama akaja na kopo lake lenye matundu. Kumwagilia kitalu hamwachii mtu. Alianza upande wa mbali, na alipofika kwenye mstari ule akauruka. Nikamwambia miche haijamkosea. Akaguna, akageuza uso pembeni, akamwaga.

Matone yakatua kwenye majani. Kinyonga akafumbua jicho. Akainua kidevu taratibu mpaka kwenye tone lililoning'inia ncha ya jani, akafungua kinywa, akanywa. Koo lake, jembamba kama uzi, likawa linapanda na kushuka. Akasogea, akanywa tone jingine. Kisha ukijani ukaanza kumrudia, kichwani kwanza, ukashuka mgongoni hadi mkiani, nami natazama. Kijiinzi kikatua jani la jirani. Ulimi ukachomoka, mrefu kuliko yeye mwenyewe, na kijiinzi hakikuwepo tena.

Nilipogeuka, mama alikuwa anatazama. Kopo liko hewani, maji yanammwagikia miguuni, wala hana habari.

"Mama Brenda," alinong'ona, "umeona?"

"Nimeona, mama."

Tulisimama hapo wawili, tumeziba vinywa kwa viganja, tukimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Barnaba alipita na jembe begani kwenda kuendelea na mashimo. Mama akamwita, macho yake yakiwa bado kwenye jani.

"Mstari ule wa mayai uache kwanza, mwanangu," alisema. "Ndugu zake huenda bado wamo."