Kiatu cha Kulia

Alhamisi ile Augustine hakufika kazini. Mumbua alifungua dirisha la kunolea peke yake, akawasha taa, akakuta jozi kumi na moja za viatu vya barafu zimepangwa sakafuni kama kaka yake huyo alivyoziacha jana yake, kila jozi na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Alidhani ni basi. Basi la wafanyakazi kutoka mtaa wa Najma, hapo Doha, lilikuwa na tabia ya kuchelewa. Akatandika kitambaa mezani, akachemsha chai ya watu wawili.

Saa tatu kasorobo, Kiprono alipiga simu. Kiprono alikuwa askari wa hoteli, na kitanda chake kilikuwa mkabala na cha Augustine katika chumba kimoja. Hakujua namna ya kuisema habari ile, kwa hiyo aliisema yote mara moja. Alikuwa ametoka zamu, akamkuta Augustine ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo ukutani, kiatu kimoja kimefungwa kamba na kingine bado. Alimwita mara tatu.

Mumbua alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakichukua kikombe cha pili, akakimwaga, akakirudisha kabatini, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Maiti ilisafirishwa Makueni baada ya siku tisa. Likizo ya Mumbua ilikuwa bado miezi minne, na mtu mwingine wa kunoa hakuwapo, kwa hiyo mazishi aliyaona kwenye simu, ameketi juu ya kreti nyuma ya mashine ya kulainisha barafu, mtandao ukikatika kila mchungaji alipoinua sauti. Alipouliza kilichomuua, aliambiwa moyo. Akakumbuka vidonge vya kiungulia alivyokuwa akimnunulia tangu Ramadhani. "Ni kiungulia tu, Mumbua. Hizi pilipili za kantini." Naye alinunua, akaleta, wakacheka.

Kwenye kitambulisho chake Augustine aliandikwa mnoaji, basi. Lakini ujanani alicheza hoki ya barafuni, kwenye kiwanja kidogo cha Nairobi ambako wachezaji walipokezana kofia, na katika uwanja ule wa barafu ulio ndani ya mol, jumba la maduka la Doha, makocha walikuwa wakija dirishani kumuuliza, "Augo, huyu vipi?" Yeye aliagiza kiatu kwanza, mtoto baadaye. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye chuma, ndipo akaenda kusimama kiooni kutazama mchezo. Kijana mmoja aliyesifiwa na kila mtu, Augustine alisema hatamaliza mwaka, na hakumaliza. Melissa, ambaye hakuna aliyemtilia maanani, alisema apelekwe Kanada, na sasa Melissa anacheza Ufini. Tangu hapo chuo kimoja cha hoki huko Kanada kikawa kinamtumia yeye mwenyewe, kwa jina lake, fomu za kuwapima vijana.

Wiki tatu baada ya mazishi, Mwaura alikuja dirishani na fomu kama hiyo mkononi. Mwaura alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mtaa wa Al Sadd, na Ijumaa asubuhi alifundisha vijana hoki bila malipo.

"Ya Chelsea hii," alisema. "Nimeitoa kwenye droo ya marehemu. Usinione mwizi."

"Wewe uibe fomu, Kochi? Ungeanza na sukari."

Mwaura alitabasamu, akashukuru kumsikia Mumbua anatania tena. Kisha akaifungua karatasi juu ya kaunta.

Hakuna Mkenya wa Doha ambaye hakulijua jina la Chelsea. Alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa Phoebe, nesi, na alijifunza kuteleza hapohapo kwenye mol alipoletwa kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mwingine, akakataa kutoka barafuni keki ilipokatwa. Sasa aliwapita wavulana. Kwenye kundi la simu la Wakenya walikuwa wameshamweka Kanada, wengine walishaanza kumtuma salamu kwa jamaa zao wa huko. Kanisani aliombewa kwa jina.

Fomu ilikuwa na maswali matano. Manne Augustine alikuwa ameyajibu kwa ule mwandiko wake wa kuegemea kushoto. Chini ya swali la kusoma mchezo aliandika: *Akiwa na kile kisahani cheusi cha hoki hatazami chini. Anatazama bega la mlinzi.* Mumbua alisoma mstari ule mara mbili, si kwa sababu ya Chelsea. Swali la tano liliuliza kama mwili wa mchezaji utahimili miaka minne ya mazoezi ya kila siku. Hapo hapakuwa na neno. Palikuwa na nukta moja ya wino, mahali kalamu ilipotua.

"Alikuwa hajamaliza," Mwaura alisema. "Wanaitaka Jumapili. Wewe ndiye uko kwenye meza yake sasa. Andika ndiyo, weka sahihi, nitume."

"Mbona usiandike wewe?"

"Mimi ni kochi wake. Kochi gani atasema mtoto wake ana kasoro? Wanataka neno la meza hii."

Mumbua aliiweka fomu chini ya kopo la mafuta. "Acha kwanza nimnolee viatu."

Chini ya kiatu cha barafu kuna chuma chembamba, na katikati ya chuma hupita kijifereji kinachoacha kingo mbili kali, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Kijifereji kikiwa na kina, kingo huuma barafu na mtu husimama papo hapo. Kikiwa na kina kidogo, mguu huteleza kabla ya kusimama. Augustine alimfundisha dada yake kulaza sarafu ya shilingi kumi juu ya kingo zote mbili na kuitazama kwenye mwanga. Ikikaa sawa, kazi imekwisha. Sarafu hiyo ilikuwa bado kwenye droo.

Kiatu cha kushoto cha Chelsea kilikuwa sawa. Cha kulia kilimshtua. Kijifereji chake kilikuwa kimekaribia kuwa tambarare. Jozi moja, mtu mmoja, na viatu viwili visivyofanana. Augustine hakuwahi kukosea hivyo maishani mwake, na Mumbua akaona picha ya kaka yake wiki ile ya mwisho, mkono umechoka, kifua kinabana, anajikaza kumaliza kazi. Akakipitisha kiatu kwenye jiwe polepole, mara sita, mpaka kikawa na kina kama mwenzake. Sarafu ilikaa sawa. Alihisi amemfanyia kaka yake kitu, kumfutia kosa ambalo hakuna mtu angelijua.

Chelsea alivaa viatu, akaingia. Alizunguka mara mbili, akaja kwa kasi kuelekea golini, akasimama ghafla kwa mguu wa kulia. Mumbua aliona kupitia kioo jinsi barafu ilivyomshika na mwili ukajikunja katikati. Hakuanguka. Alibaki ameinama kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha akatoka, akaja dirishani akitembea juu ya zulia la mpira, kiganja kwenye nyonga.

"Anti, umekifanya nini kiatu changu?"

"Nimekinoa. Cha kulia kilikuwa kimeisha."

"Hakikuisha. Anko ndiye alikifanya hivyo."

Alipokwisha kusema, akaonekana anatamani kuyarudisha maneno mdomoni.

"Alikifanya kwa nini?" Mumbua aliuliza.

"Usimwambie mum."

"Kwa nini, Chelsea?"

Msichana aliketi kwenye benchi. Alisema inauma ndani, pale mguu unapoungana na mwili, tangu Oktoba. Akisimama kwa nguvu ni kama mlango unamfungia kidole. Hakumwambia mtu. Augustine ndiye aliyeona, kwenye chuma: ukingo wa nje wa kulia ulikuwa mpya wakati zile nyingine zimelika.

"Akaniambia, 'Huu mguu unauogopa.' Nikalia. Akanitengenezea uteleze kidogo, usinishtue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimwambie mum. Nikasema baada ya mashindano ya Desemba. Halafu nikasema baada ya fomu."

"Naye akakubali."

"Si nilimwomba." Chelsea alikuwa akivuta kamba ya kiatu bila kuifungua. "Na pia yeye alikuwa na yake."

"Yake gani?"

"Kifua. Kuna siku nilimkuta amekaa hapo chini, ameshika mguu wa meza, jasho linamtoka na hii baridi yote. Akasema nikinyamaza ya kwake, atanyamaza ya kwangu. Ilikuwa utani, Anti. Tulicheka."

Mumbua alinyoosha mkono kuzima mashine. Ilikuwa imezimwa zamani. Alisimama hivyo, kidole kwenye swichi. Upande wa pili wa kioo wale wengine walikuwa wanaendelea na mazoezi, na Mwaura alikuwa anampigia mtu kelele anyooshe mgongo.

"Umekasirika?" Chelsea aliuliza.

"Sijui. Vua kiatu."

Alikivua. Mumbua akakichukua, akakiweka juu ya meza, mbali na mwenzake.

"Mama yako anakuja saa ngapi?"

"Saa saba. Anti, tafadhali. Nikisema, Kanada imeisha."

"Huenda."

"Hapa nitacheza na nani? Kila mwaka wanaondoka, nabaki na watoto wadogo. Anko asingenifanyia hivi."

"Najua asingekufanyia," Mumbua alisema. "Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi. Lakini leo ataambiwa."

Phoebe alifika na sare yake ya kazi, kadi ya hospitali ikining'inia shingoni. Chelsea alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo, akitazama zulia. Phoebe aliweka mkoba wake chini. Alimlaza kwenye benchi palepale, watu wakipita na mifuko yao, akamkunja goti, akaligeuza kwa ndani. Uso wa msichana ukabadilika rangi. Phoebe aliuachia mguu taratibu sana, kama vile ni wa mgonjwa wa mtu mwingine.

Kisha akamgeukia Mumbua.

"Kaka yako alijua tangu Oktoba?"

"Ndiyo."

"Nashinda nikigeuza wagonjwa wa watu kitandani, na nyonga ya mtoto wangu anaijua mnoa viatu." Hakuinua sauti. "Krismasi alikuja kwangu. Nilimpakulia mara mbili."

"Ndiyo, Mama Chelsea."

"Akala, akanyamaza."

Mumbua angeweza kusema kuhusu kifua. Angeweza kusema kwamba mtoto wake naye alijua jambo, akanyamaza, na kuna mtu amezikwa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Chelsea alikuwa anamtazama, ameyaona. Mumbua akasema, "Pole, Mama Chelsea," na akawapa mfuko wa kubebea kofia.

Walipoondoka alifungua droo akalitoa daftari dogo la kazi la Augustine. Jambo lile lilikuwamo, kama vile hakutaka kulificha sana. *Ch., kulia, punguza kina.* Oktoba. Kisha tena Novemba, tena Januari, kila mara kidogo zaidi. Ukurasa wa mwisho, wiki aliyokufa, aliandika: *Kulia, nirudishe kina cha mwanzo?* Na alama ya kuuliza aliipitia kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Aliitoa fomu chini ya kopo. Kwenye mstari wa tano, juu ya ile nukta, akaandika: *Nyonga ya kulia inauma tangu Oktoba. Ilifichwa kwenye meza hii. Apimwe kwanza.* Akaweka jina lake mwenyewe chini ya jina la kaka yake.

Mwaura aliisoma amesimama, kofia kwapani.

"Hiyo ya kufichwa iondoe," alisema. "Andika nyonga inauma, apimwe, inatosha. Ukiweka hivyo hawatamwamini Augustine tena. Hata Melissa watamtilia shaka."

"Melissa anacheza. Wamtazame."

"Mumbua. Huyu mtu alikulea, alikuleta hapa. Si lazima umzike mara ya pili."

"Mara ya kwanza sikuwepo," Mumbua alisema.

Mwaura aliikunja karatasi, akaikunjua, akaitazama tena ile sahihi. Alisema ataituma. Jumapili aliituma, bila kufuta kitu.

Picha ya hospitali ilionyesha gegedu la nyonga, ile tishu inayokinga kiungo, limechanika. Chuo kiliandika kwamba kimeahirisha kumchukua Chelsea, kitamtazama tena mwakani, bila ahadi. Tangu hapo hakijatuma fomu nyingine dirishani. Phoebe humpeleka bintiye kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila Jumanne, na wakipita kwenye mol huzungukia upande wa duka la simu ili wasipite mbele ya dirisha la kunolea. Mara moja Chelsea aligeuka nyuma, akainua mkono kidogo, na Mumbua akainua wake.

Viatu vyake viko rafu ya juu, na kikaratasi cha jina bado ni cha mwandiko wa Augustine. Vyote viwili vimenolewa kina kimoja. Daktari amesema asivivae mpaka Novemba.