Chuma cha Kyule Kinachokunywa Maji

Kanisani kwetu Tawa kazi yangu ni kukaa nyuma ya mixa, mashine ya kuongozea sauti, na kutoonekana. Naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wengine wanaposimama mbele kutoa ushuhuda, mimi nazungusha vitufe, na mtu akija kunishukuru naangalia waya.

Juma lile nilikuwa na kazi moja, kumrekodi Susu Kavindu. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na yeye ni nyanya yangu kwa ndoa: marehemu mumewe, Kyule, alikuwa mdogo wake babu yangu. Shingoni alikuwa na uvimbe uliokua polepole hadi leso ikashindwa kuuficha, na Jumatatu alitakiwa hospitalini kufanyiwa upasuaji. Daktari alimweleza wazi kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na pale kisu kitakapopita. Huenda angerudi na sauti yake, huenda angerudi na nyingine.

Wimbo aliotaka kuuacha aliutunga mwenyewe, mwaka aliokufa Kyule. Hakuuandika popote. Wanakwaya walijua kiitikio tu, maana beti aliziimba peke yake, macho amefumba, na hakuna aliyethubutu kumwomba arudie. Mwau, mwalimu wa kwaya, aliwahi kumnasa kwa simu yake, akapata kuku wa jirani zaidi kuliko alivyopata wimbo.

"Nikirudi na sauti ya chura," Susu aliniambia, "sitaki chura aimbe wimbo wangu. Uwe umeshaingia kwenye kompyuta yako, mama mkwe."

Wageni hucheka wakisikia akiniita hivyo. Mimi ni Mbithe, na Mbithe lilikuwa jina la mama yake Kyule. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anakalia kidogo na kiti cha mtu huyo. Kyule, mzee mwenye mvi, aliniita mama tangu nikibebwa mgongoni, na akienda Kitui kutafuta vifaa vya ufundi hakukosa kurudi na kitu changu, ili mama asinune. Susu naye akawa mkaza mwana wangu. Nikimtembelea anapangusa kiti kwa leso kabla sijakaa, kisha anawalalamikia majirani kwamba mama mkwe wake ni mkali sana. Wanacheka wote, kwa sababu wanajua sijawahi kumkemea hata kuku.

Kwa kazi hiyo nilikuwa na laptopu yangu ya chuoni na kisanduku kidogo nilichochukua kwa Halima, rafiki yangu tuliyesoma naye elektroniki, ambaye sasa ana duka la ufundi mjini Kitui. Kisanduku kinapokea sauti kutoka kwenye mixa na kuigeuza iwe kitu ambacho laptopu inaelewa, kisha kuipitisha kwa waya wa USB. Alhamisi nilipokijaribu nilisikia mvumo mdogo kwenye hedifoni, kama nyuki mmoja aliyefungiwa chupani. Nikadhani nitaupunguza baadaye.

Ijumaa alasiri Susu alikuja kuimba, na nyuki akawa mzinga mzima. Alikuwa akifungua mdomo, na chini ya kila neno kuna ngurumo. Mwau alisema labda kelele hiyo inampenda Susu, maana Alhamisi wanakwaya wengine walipojaribu haikuwa hivyo. Sikucheka. Nilitoka nje nikampigia Halima, akaniuliza kama laptopu imechomekwa kwenye stima. Nilipomwambia ndiyo, akaniambia niichomoe chaja nisikilize.

Niliichomoa. Kelele ilikoma kama mtu amefunga mlango.

Shida ni kwamba betri yangu imezeeka. Nilimwomba Susu aanze haraka, naye hajui kuimba haraka. Alifika katikati ya ubeti wa pili, kioo kikawa cheusi. Sikuweza kumkatiza. Alikuwa amefumba macho, mkono mmoja shingoni kana kwamba anaushikilia ule uvimbe usimsumbue, na akaimba hadi mwisho bila kujua kwamba anatuimbia mimi na Mwau tu. Alipofumbua macho akauliza kama umeingia. Nilitikisa kichwa.

"Basi kesho," alisema. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Daktari alimkataza kuilazimisha, na sote watatu tulijua kwamba kabla ya Jumatatu amebakiwa na wimbo mmoja, si mbili.

Alipoondoka, Mwau alinishauri ninyofoe ule mguu wa juu wa plagi ya chaja, kama wanavyofanya watu wengi. Nilimwambia kwamba mguu huo ndio waya wa ardhi, unaoupeleka chini umeme uliopotea njia ili usimpitie mtu, na kwamba Susu anaimba midomo imegusa chuma cha maikrofoni. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia Mwau kwa siku moja. Akainua mikono.

Jumamosi nilifika mapema, kanisa likiwa tupu. Niliwasha kila kitu, nikavaa hedifoni. Kelele ilikuwepo, lakini ndogo, yule nyuki mmoja wa Alhamisi. Nilibadilisha soketi ya chaja. Nilibadilisha waya wa sauti. Hakuna kilichobadilika. Nikakaa tu nikisikiliza, mikono mapajani, sijagusa kitu, na ghafla nyuki wakaanza kuongezeka. Polepole, mmoja akimwita mwenzake, hadi mzinga wote ukawa masikioni mwangu.

Nilivua hedifoni. Nje ya dirisha palikuwa na mlio wa maji yanayomwagika.

Nyuma ya mixa kuna waya wa kijani ambao nimeukuta hapo tangu nianze kazi. Unapanda ukutani, unatoka kwa tundu chini ya dirisha. Niliufuata kwa macho, nikatoka nje, nikazunguka. Uwanja wote wa kanisa ni vumbi jekundu, lakini pale waya unapoingia ardhini kuna nyasi za kijani, duara dogo lenye upana wa ungo, na katikati yake nondo imechomoza kama kidole. Susu Kavindu alikuwa ameinama na mtungi wa plastiki, anainywesha.

Nilimsaidia kushika mtungi, naye akanieleza bila kuulizwa. Zamani radi ilipounguza mixa ya kwanza, Kyule aliipigilia nondo hii ardhini, akaifunga kwenye mixa mpya, akamwambia mkewe kwamba chuma hiki kinakunywa, na kikikauka hakina kazi. Alipokufa, Susu akaendelea. Kiangazi kikizidi anatia chumvi kidogo, kama alivyoonyeshwa. Kila mara kabla hajaimba hupita kwanza hapa, hata kama maji yenyewe ni yale aliyooshea mboga. Nilimuuliza kama anaogopa radi hata wakati huu, mbingu ikiwa nyeupe hivi.

"Siogopi radi," alisema. "Nakuja kumsalimia."

Nikaelewa yote kwa pamoja, na sikufurahi. Wakati wa Kyule kanisa lilitumia jenereta, na nondo yake ilikuwa peke yake. Stima ilipoletwa, yeye akiwa ameshazikwa, mafundi walipigilia nondo nyingine upande wa pili, chini ya mita, na hakuna aliyeziunganisha. Kwa hiyo mixa ilikuwa imeshika ardhi ya Kyule, na chaja ya laptopu yangu imeshika ardhi ya stima. Ardhi mbili hazilingani kabisa. Baina yake daima kuna kijiumeme kinachotafuta pa kupita, na daraja nililijenga mimi, kwa kile kisanduku na waya wake. Nondo ya Kyule ikiwa kavu, njia ni nyembamba. Ikishiba maji, njia inapanuka. Susu alikuwa anakuja na kelele yake mwenyewe mtungini, kwa upendo, kila mara kabla ya kuimba.

Nilirudi ndani. Parafujo iliyoshika ule waya wa kijani ilikuwa moja tu. Niliweka bisibisi juu yake. Kuilegeza ni kazi ya kupepesa jicho: Susu angeingia, angeimba, wimbo ungetoka safi, hakuna ambaye angejua. Kupitia dirishani nilimwona akikung'uta tone la mwisho, kisha akaigonga nondo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anavyomgonga ng'ombe mpole ubavuni. Angeendelea kuja. Miaka yote aliyobakiza angebeba maji kukiletea chuma kisichounganishwa na kitu, na mimi nikiwa nimekaa nyuma ya mixa nikimwona.

Niliacha bisibisi nikatoka. Nilimfikia. Nikamuuliza kama amekunywa chai. Nikasema mawingu hayapo.

"Mama mkwe, una neno," akasema. "Litoe, litakuvimbia shingoni kama langu."

"Ni chuma cha Babu Kyule," nikasema. "Hicho ndicho kinacholia ndani ya wimbo wako."

 Akaitazama nondo, akageuza mtungi, akaukalia.

"Alikosea?"

"Hakukosea, Susu. Alipokipanda kilikuwa kimoja. Sasa viko viwili, na hakuna aliyevijulisha."

Akafuta mikono kwenye leso, kidole kwa kidole. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kukimbia. Kisha akaniambia kwamba Kyule alikuwa mtu mwema, lakini kwenye mambo ya waya hakuambilika na mtu yeyote. Yeye mwenyewe alijaribu mara moja kumwambia taa ya jikoni imekaa vibaya, akanuniwa hadi mavuno. Mtu aliyeweza kumkosoa fundi yule duniani alikuwa mmoja tu, mama yake.

Akaninyooshea kidevu. "Basi mwambie. Mimi ni mkaza mwana, sina ruhusa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna ile ambayo ndani yake kuna jambo lenyewe. Nikachuchumaa kando ya zile nyasi.

"Kyule," nikanong'ona.

"Hakusikii. Yule Mbithe wa kwanza alikuwa akiita mtu ng'ambo ya mto."

"Kyule, mwanangu," nikasema kwa sauti, masikio yakiniwaka. "Kazi yako ni nzuri. Imelinda kanisa miaka yote. Lakini sasa tunakuunganisha na mwenzako wa upande wa pili, na usinune."

Susu alicheka hadi akalazimika kushika shingo.

Mwau alipofika alitukuta na jembe. Nilizima swichi kuu, yeye akachimba mfereji mwembamba kuzunguka ukuta, mimi nikalaza waya mnene wa shaba kutoka nondo ya Kyule hadi ile ya chini ya mita, nikaukaza kwenye zote mbili. Ule waya wa kijani wa mixa niliufungua mbele ya Susu, akiangalia. Nikaipa mixa plagi mpya ya miguu mitatu, na mixa na laptopu nikazichomeka kwenye ekstensheni moja, ziwe na ardhi moja. Nilimweleza Susu kwamba chuma hakijafukuzwa kazi. Mwanzo kililinda mixa peke yake. Sasa kinalinda jengo lote, hadi taa ya mlangoni, na kiu yake iko pale pale.

Mwau alikuwa ameshasikia habari yote. "Ikiwa Mbithe ameanza kuwakemea marehemu," alisema akijifuta jasho, "sisi tulio hai tutajificha wapi?"

Nilivaa hedifoni. Nilisikia jogoo wa mbali, na benchi likilia pale Mwau alipokaa. Lakini Susu hakukubali kuanza. Alichukua kikombe cha maji, akatoka, nikamwona dirishani akikimwaga chote kwenye nondo, halafu akasimama ananitazama usoni kama mtu anayesubiri jibu la daktari. Nilisikiliza. Nikabana hedifoni masikioni, nikasikiliza tena. Hakuna nyuki. Nikatabasamu, naye akaingia.

Aliimba mara moja. Kwenye ubeti wa mwisho sauti ilipasuka kidogo, akaivuka kama mtu anayevuka jiwe, akafika. Nikabonyeza kuhifadhi.

Mwanzoni mwa rekodi, kabla ya wimbo, anasikika akivuta pumzi na kusema, "Kyule, mama yako ameshakusema. Sasa sikiliza." Mwau alitaka tuikate sehemu hiyo, wimbo uanze vizuri. Nilimwambia hapana. Alishangaa, nami pia nilishangaa, lakini sikuangalia waya.

Siku chache baada ya upasuaji, Nzisa, binti yake aliyemsindikiza hospitalini, alinipigia simu, akasema mama anataka kuongea lakini nisimchoshe. Sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba kama karatasi inayosuguana na karatasi, na madaktari walikuwa hawajui kama itabaki hivyo.  Yeye hakuuliza habari ya wimbo wala ya kwaya.

"Mama mkwe," akanong'ona, "kimekunywa?"

Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye nyasi, mtungi mkononi.  Niliiteremsha simu karibu na udongo, nikainamisha mtungi, ili asikie mwenyewe.