Raketi ya Mkamwana

Fainali ya tenisi ya wanawake wawili wawili ilichezwa Jumamosi mchana, Iyunga, ndani ya ghala la zamani la pareto lililopigwa rangi na kuwekewa wavu, taa na viti vya plastiki. Harufu ya pareto haikuwa imeisha. Wachezaji walipiga chafya kabla ya kuanzisha mpira, na mwamuzi alishazoea kungoja chafya ipite.

Upande mmoja walisimama wasichana wawili kutoka Lusaka. Upande wa pili alisimama Faustina, wa Kalenga kule Iringa, mwanamke asiyejua kunong'ona, na mwenzake Sekela, mke wa mtu hapo hapo Iyunga. Washindi wangepata nafasi kwenye mashindano makubwa ya Kampala. Kwa Sekela hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuishi kwa raketi yake, na alikuwa ameisubiri tangu akiwa shule.

Sekela aliolewa kwenye nyumba inayoshika mila ya Kinyakyusa ya mkamwana kutoonana na baba mkwe. Siku hizi wakwe wengi wameiacha. Wanakaa sebule moja na wake za watoto wao wakitazama taarifa ya habari. Mzee Anyelwisye, baba mkwe wa Sekela, hakuiacha. Akiingia mlango wa mbele, Sekela alitoka wa nyuma. Wakikutana njiani, Sekela aliingia kwenye mahindi ya watu akajifunika kanga mpaka mzee apite. Chakula alichopika kilipelekwa na mumewe, Lugano, na mzee alikimaliza. Maharage aliyolima aliyala pia. Kilichomkera mzee kilikuwa uso tu.

Huyo mzee ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Raundi zote za wanawake hakuja, kwa sababu kwake zilikuwa za kujaza ratiba. Fainali alikuja, kwa sababu kulikuwa na kamera. Aliingia na suti yake katikati ya seti ya kwanza, akakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na wavu.

Sekela alikuwa amesharusha mpira juu. Kanga hakuwa nayo, mlango ulikuwa mbali, na mchezaji akitoka uwanjani bila ruhusa amepoteza. Kwa hiyo alifutika. Vilianza viatu, ikafuata sketi, mikono, na mwisho uso, kabla mpira haujashuka. Raketi ilibaki. Iliupiga mpira ukatua pembeni, na wasichana wa Lusaka hawakuugusa.

"Sekela, upo?" Faustina aliuliza.

"Nipo, dada. Cheza."

Mwamuzi, Ezron, alifikiri kidogo, akatangaza kwamba sheria inamtaka mchezaji awepo, haisemi lazima aonekane. Wasichana wa Lusaka walilalamika kwamba hawajui wakwepeshe mpira upande gani. Wakaambiwa waangalie raketi. Watu waliendelea kula karanga.

Dawa ilikuwa rahisi, na ukumbi mzima uliijua. Mzee mmoja asimame, atoke nje akapunge upepo. Basi. Lakini nani amwambie? Walikuwepo pale wachungaji, walimu na wenye vyeo, watu hodari wa kufokea watoto wa wenzao, na wote walifyata mkia wakatazama raketi inakimbia huku na huku peke yake. Jasho lilidondoka sakafuni kutoka hewani. Mama wa usafi alilipangusa kila mapumziko, asije mtu akateleza.

Faustina na Sekela walishinda seti zote mbili.

Wakati wa kombe ndipo kamati ilipopata shida. Mpiga picha alionyesha alichopata: Faustina anacheka, na raketi pembeni yake. Katibu wa kamati, Marta, alisema Kampala wanataka sura za wachezaji wote wawili. Kwa hiyo nafasi ingekuwa ya Faustina pamoja na Happy, aliyetolewa nusu fainali lakini anatokea vizuri kwenye picha.

Faustina alikwenda mpaka kiti cha mbele, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba utoke nje kidogo tu. Mwenzangu apigwe picha, halafu urudi."

Hapo ndipo ukumbi uliposhtuka. Karanga zilimwagika. Mama mmoja alishika kichwa kwa mikono yote miwili, na mchungaji alisema hajawahi kuona jambo kama hilo tangu azaliwe.

"Nitatokaje kwenye fainali yangu mwenyewe?" mzee aliuliza taratibu. "Mkamwana wangu ananiheshimu. Kwenu hawakukufunza?"

"Kwetu tunamwona mtu anayetupikia!" Faustina alifoka. "Amecheza mbele yenu mpaka katota jasho, halafu mnasema hayupo! Hamna aibu?"

Alifungiwa mwaka mzima kwa kumkosea heshima mwenyekiti. Happy alitafutiwa mwenzake, wakaenda Kampala, wakatolewa raundi ya kwanza.

Kabla ya kupanda basi la Iringa, Faustina alisimama stendi akiwa ameishika raketi upande mmoja, Sekela akiwa ameishika upande wa pili.

"Twende wote Kalenga. Ukiwa mbali naye utaonekana."

"Mzee alishaondoka tangu saa ile, dada. Nimejiangalia kwenye kioo. Sionekani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naenda kupika. Ndaga, dada. Asante sana."

Faustina alilia kwa hasira mpaka Makambako, na abiria wenzake wakamwachia kiti kizima.

Nyumbani kwa Mzee Anyelwisye mambo yalitulia haraka. Lugano aliwaambia majirani kwamba hali hiyo imewarahisishia, kwa sababu zamani baba alilazimika kukohoa kabla ya kuingia mahali, na sasa anakaa popote anapotaka. Anapopenda zaidi ni jikoni, kwenye joto. Ananyoosha miguu mbele ya mafiga, na sufuria ya ndizi inamzunguka kwa uangalifu isimmwagikie.

Jumapili moja alionja akakunja uso.

"Chumvi imezidi," alisema, bila kumtazama mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Akasukuma sahani hewani, akaiachia. Haikuanguka wala haikuyumba. Ilipokewa kwa mikono miwili.